Naomba ushauri: kulinganisha Grüner Veltliner na Riesling za mwaka 2010

Habari zenu wakuu. Naishi Vienna. Jirani yangu mzee amehama, akaniachia chupa nne za mvinyo mweupe wa Wachau, kule kando ya mto Danube: mbili Grüner Veltliner, mbili Riesling (hizo ni aina za zabibu), zote Smaragd (daraja la juu la mvinyo wa Wachau, wa zabibu zilizoiva sana) za 2010.

Juzi nilifungua moja ya kila aina, baridi kutoka kwenye friji. Grüner haikuwa na ile pilipili manga niliyoizoea kwenye mvinyo mpya. Rangi ya dhahabu, harufu ya asali na njugu. Ilipokaa mezani saa moja ikawa nzuri zaidi. Riesling ilinuka mafuta ya taa! Nusura niimwage, kumbe zabibu hiyo ikizeeka ndivyo inavyokuwa. Ila uchachu wake bado ulikuwa mkali, na kwa kweli ndiyo iliyonivutia.

Sasa zimebaki mbili, na sitaki kuzipoteza. Je, nizitoe kwenye friji muda gani kabla ya kunywa, na nimimine kwenye jagi au zitachoka haraka? Pia, mke wangu anataka kupika samaki wa nazi siku hiyo. Nazi itaimeza Grüner, au Riesling ndiyo itakayofaa?