Nadharia za kisasa za mashirika zinatofautiana wapi hasa?

Mchana_Kweupe: Wakuu habari zenu. Nina asaimenti ya kulinganisha nadharia za kisasa za mashirika na kila nikisoma naona zinasema kitu kile kile, kwamba shirika linaathiriwa na mazingira yake, basi. Za zamani akina Taylor na Weber nazielewa, ila hizi za kuanzia miaka ya 60 zinanivuruga, yaani nimechora jedwali na safu ya "mazingira" imejaa maneno yale yale tu. Msaada tafadhali.

Kalamu_Nyekundu: Futa hiyo safu mkuu. Zote zinataja mazingira ndiyo, wewe uliza mazingira yanafanya nini na nani anabadilika.

Anza na kontinjensi, yaani muundo unaofaa unategemea hali. Burns na Stalker (1961) waliona soko na teknolojia vikitulia, muundo wa kimashine unafaa, kila mtu na kazi yake, amri zinashuka kutoka juu, lakini mambo yakibadilika haraka inabidi muundo ulegee watu waulizane wenyewe kwa wenyewe bila kungoja bosi. Joan Woodward naye alipita viwanda kama 100 kusini mwa Essex, Uingereza, akaona anayetengeneza kwa oda moja moja na anayezalisha kwa wingi miundo yao inatofautiana, na waliofanikiwa ni wale ambao muundo wao uliendana na teknolojia yao. Kwa hiyo hapa hakuna muundo bora kwa wote, ila menejimenti inaweza kusoma hali na kujirekebisha.

Hannan na Freeman (1977), hawa wa ikolojia ya mashirika, wanapinga hapo hapo. Shirika ni zito bwana, mitambo imeshanunuliwa, watu wana mazoea yao, kuna siasa za ndani, kubadilika si rahisi. Mazingira yanachuja tu. Ukikuta yaliyobaki yanafanana, usidhani yote yamejifunza, mengine yameshakufa.

Halafu Meyer na Rowan (1977) pamoja na DiMaggio na Powell (1983), hawa wa nadharia ya taasisi, wanasema mashirika yanafanana kwa sababu yanataka kuonekana halali. Ama sheria inayalazimisha, ama hayajui la kufanya yanaiga waliofanikiwa, ama wataalamu wao wamesomea mambo yale yale.

Sasa chukua tukio moja, tuseme kampuni nyingi zinaanzisha idara ya ubora kwa wakati mmoja. Wa kontinjensi atauliza kazi imekuwa ngumu kiasi gani hadi idara ihitajike. Wa ikolojia atahesabu zilizokuwa nayo na zisizokuwa nayo, zipi zimefungwa. Wa taasisi atakwambia chungulia ndani, inawezekana idara ina ofisi na ripoti nzuri za kila mwaka ila mafundi wanafanya kazi vile vile kama zamani, hiyo idara ni ya kuonyesha wakaguzi. Mimi binafsi huyu wa tatu ndiye ananishawishi zaidi, ukishamsoma kila kikao unakiona kwa jicho jingine 😂

Tia_Maji: Maelezo mazuri ila umeyafanya mashirika kuwa bendera fuata upepo. Pfeffer na Salancik (1978) umewaacha wapi? Wao wanasema anayeshika rasilimali unayoihitaji ndiye anakuburuza, sawa, lakini shirika nalo halikai kimya, linaungana na msambazaji wake, linamweka mtu wa benki kwenye bodi, linashawishi sheria ibadilishwe. Hapo mazingira yenyewe yanasogezwa. Bila mamlaka kwenye ulinganisho wako utapata maksi za kati tu.

Kalamu_Nyekundu: Kweli, hilo nimeliruka.

Mjukuu_wa_Posta: Na Karl Weick jamani. Yeye anauliza watu wanaelewaje kinachoendelea. Msome alivyochambua moto wa Mann Gulch, Montana, 1949, wazimamoto 13 walikufa. Kiongozi wao aliwasha moto mwingine mbele yao ili nyasi ziungue walale kwenye majivu, wenzake hawakumwelewa wakakimbia. Cheo chake kilikuwepo, ila maana ya kinachoendelea ndiyo ilikuwa imewapotea.

Mchana_Kweupe: Asanteni sana wakuu, nimeanza kuona mwanga. Naruhusiwa kuchanganya kontinjensi na ikolojia kwenye hoja moja?

Kalamu_Nyekundu: Unaruhusiwa ila taja kipimo. Kampuni moja kwa miaka 5, kujirekebisha utakuona. Sekta nzima kwa miaka 50 utaona zaidi kuzaliwa na kufa. Usipotaja, aya ya kwanza itasema shirika linabadilika na ya pili itasema halibadiliki, na msahihishaji atakuwekea alama ya kuuliza pembeni.