Mjadala: 5 Septemba iwe siku ya Freddie Mercury Zanzibar?

Kaseti Mbovu: Wakuu, kuna hoja inazunguka kwamba Zanzibar iitambue rasmi 5 Septemba, siku aliyozaliwa Farrokh Bulsara mwaka 1946, yaani Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Makumbusho yake yapo Mji Mkongwe tangu 2019, watalii hawaishi kupiga picha mlangoni. Mie sina ugomvi na mtu, nina ugomvi na tarehe. Tarehe ya Queen ni 13 Julai 1985, tamasha la Live Aid la kuchangia wenye njaa Ethiopia, uwanja wa Wembley, London. Dakika ishirini na kitu tu, uwanja mzima unapiga makofi pamoja kwenye Radio Ga Ga kama gwaride. Kuzaliwa kila mtu anazaliwa.

Mwana wa Malindi: "Kuzaliwa kila mtu anazaliwa." Maneno ya mtu wa bara hayo. Unguja mnaikumbuka mkitaka kuja kuogelea Nungwi.

Kaseti Mbovu: Nimezaliwa Mkunazini, bwana. Usinitafutie kwetu.

Bi Mdalasini: Wanangu, taratibu. Mie yangu ni Novemba 1991. Tarehe 23 alitangaza ana UKIMWI, tarehe 24 hayupo. Mwaka ule nyumbani tulimzika mjomba. Watu wakauliza kafa na nini, wakajibiwa "kifua", matanga yakaanuliwa na ugonjwa haukutajwa. Nikasikia redioni kuna mtu kautaja kwa jina lake. Nilikuwa napepeta mchele, ungo ukanisimama mkononi.

Fundi Spika: Salamu kutoka Mombasa. Na wale wenzake watatu mnawaweka wapi? Brian May na Roger Taylor walikuwa na bendi yao, Smile, mwimbaji akawaacha, ndipo Freddie akaingia wakawa Queen, 1970. Deacon wa besi akaja 1971, na Another One Bites the Dust ni utunzi wake yeye. Huku tuliucheza disko miaka mingi bila kujua kwamba kuna Mzanzibari ndani.

Mkweli Mchungu: Mzanzibari gani? Mapinduzi 12 Januari 1964, mwaka huohuo wakakimbilia Feltham, London. Kaimba wimbo gani wa Kiswahili? Halafu mnasahau 2006: sherehe ya kutimiza miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilipangwa papa hapa Unguja, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho wakapinga, ikafutwa. Leo mnataka iwe siku rasmi!

Mwana wa Malindi: "Wakakimbilia"? Hebu lirudie hilo neno. Unasema kama vile wameiba kuku. Babu yangu naye aliondoka mwaka ule kwa jahazi, ufunguo wa nyumba kaufunga kwenye pindo la kikoi, na kafa nao Mombasa. Naye si Mzanzibari?

Mkweli Mchungu: Babu yako sijamgusa.

Mwana wa Malindi: Umemgusa.

Mji Kasoro Bahari: Samahani wazee, mnagombania jahazi na kuna kubwa zaidi. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, hoteli ya starehe kule Bophuthatswana, Afrika Kusini, ubaguzi wa rangi umepamba moto na Umoja wa Mataifa umeshawataka wasanii wasusie. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini. Mwaka huohuo hapa Morogoro, Mazimbu, vijana wa ANC walikuwa wanasoma uhamishoni, tulicheza nao mpira. Serikali ikitangaza siku ya huyu bwana, wale niliocheza nao tuwaambie nini?

Bi Mdalasini: Mkweli, na mie neno lako limenichoma. Kukimbia hukimbia mwenye kosa.

Dogo Vinanda: Mimi nimeona ile sinema ya 2018 ya Freddie na Queen. Si aliwaambia wenzake anaumwa kabla ya Live Aid, wakalia wote?

Kaseti Mbovu: Sinema imepindua, mdogo wangu. Habari za vipimo ni za 1987. Pale Wembley alikuwa mzima anatamba. Ndiyo maana nasema 13 Julai!

Fundi Spika: Na 31 Oktoba 1975 je? Bohemian Rhapsody ilitoka siku hiyo, karibu dakika sita, ikakaa kileleni Uingereza wiki tisa. Tena mle ndani mna Bismillah.

Mwana wa Malindi: Enhe! Bismillah kaiokota wapi kama si Unguja?

Mkweli Mchungu: Kasoma bweni India, Panchgani, tangu mdogo. India hakuna Waislamu?

Mji Kasoro Bahari: Jamani, Sun City?

Mkweli Mchungu: Haya, kwa heshima ya Bi Mdalasini, nafuta "wakakimbilia". Naweka "wakaenda".

Mwana wa Malindi: "Wakaenda"? Wameenda sokoni?