Tupeane uzoefu: muvi ya shujaa asiyepaa, watazamaji wa Tanga wanaipokeaje?

Benchi la Mbele, Makorora

Wakuu, kila mwenye kibanda cha kuonyesha muvi aweke hapa anachokiona pale anapoonyesha muvi ya shujaa asiye na nguvu zozote. Tushike mfano mmoja tusitawanyike: Defendor, muvi ya Kanada ya mwaka 2009, kaitunga na kuiongoza Peter Stebbings, steringi ni Woody Harrelson. Mchana anashika kibao cha kusimamisha magari penye ujenzi wa barabara. Usiku anajipaka weusi machoni, anabandika herufi D ya tepu ya kijivu kifuani, anatoka na goroli, chupa ya nyigu na ndimu za kumkamulia adui machoni. Hapai, na kipigo anakula.

Habari za hakimiliki na kibali cha Bodi ya Filamu kila mtu azimalize kabla hajatundika bango, hapa tuzungumzie mapokezi.

Naanza na ubao wa nje, maana kesi nyingi zinaanzia pale. Ukiandika "SUPAHIRO" kwa chaki, watakaoingia ni vijana wa ngumi na kupaa. Dakika ya 15 utasikia "mbona hapai?", ya 25 wanadai hela. Muvi haina kosa, wameuziwa embe wakapewa ndimu. Andika "Chizi wa goroli" uone watakavyoingia wakiwa wanacheka tayari.

Bi Mahamri

Hapo kwenye "chizi" sikubaliani nawe, kaka. Yule bwana akili yake ni nzito, si kichaa, na muvi yote imekaa juu ya hilo. Ukishamwita chizi tangu mlangoni, ukumbi utamcheka mpaka anapigwa risasi, kisha kimya kinawashukia na kila mtu anaona haya. Wakiona haya hawatakwambia. Watasema muvi mbovu. Ubaoni andika kazi yake: "Mshika kibao, usiku mlinzi wa mji". Wanaume wa vibarua wanaingia, na hao ndio wanaokaa mpaka mwisho.

Na watoto wasiingie. Mna kahaba anayevuta dawa za kulevya, na matusi kila mahali. Jina la shujaa lisikudanganye ukaiweka saa kumi jioni wakati wa madrasa kutoka.

Fundi Spika

Malalamiko ya "haieleweki" mara nyingi ni ya sauti, si ya hadithi. Faili likiwa na sauti ya chaneli 6, maneno ya waigizaji yamewekwa kwenye chaneli ya katikati. Deki ikitoa kushoto na kulia peke yake bila kuzichanganya, utapata muziki na milio ya magari, mazungumzo yanasikika kama mtu yuko kisimani. Kwenye muvi ya ngumi hakuna anayegundua, ngumi hazihitaji maneno. Hii ni muvi ya maongezi, inakufa palepale.

Dawa: ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki au kompyuta, chagua stereo. Kisha punguza besi, maana spika za inchi 15 chini ya bati zinavuma tu, na pandisha kidogo sauti za kati. Tundika mikeka au mablanketi ukuta wa nyuma. Bluetooth usiitumie hata kidogo, sauti inachelewa nyuma ya midomo na watu wanaanza kuigiza midomo badala ya kutazama.

Picha nayo: sehemu kubwa ni usiku. Taa moja ya mlangoni ikivuja, nusu ya muvi ni kiza kitupu na mtu atasema una chenga. Funika mlango kwa pazia zito. Usipandishe mwangaza wa projekta, weusi utageuka kijivu, pandisha gama, yaani mpangilio unaong'arisha sehemu za kiza bila kugusa weusi wenyewe. Kitambaa cha picha cha upana wa mita 3 na projekta yenye uwiano wa 1.5 (umbali kugawa kwa upana wa picha), iweke mita 4.5 kutoka kitambaa.

Upepo wa Raskazone

Kwa wa nje karibu na bahari, ongeza hili. Shuka la mita 3 ni tanga la ngalawa. Usilikaze kwa kamba tupu, litachanika pembeni. Kata mpira wa ndani wa baiskeli vipande vya sentimita 20, funga kati ya kila tundu na nguzo, uwe unavuta na kurudi. Anzeni baada ya isha.

Mtia Maneno

Sisi tunaotafsiri kwa maiki ndio tunaoiharibu hii kuliko umeme.

Kuna neno moja limebeba muvi nzima. Adui anayemtafuta anamwita "Captain Industry". Alikuwa mtoto, babu yake akilalamikia wakubwa wa viwanda, "captains of industry", kwa kifo cha mama yake, naye akadhani ni mtu mmoja mwenye jina hilo. Ukisema tu "bosi wa maadui" umeua kila kitu. Sema "Mabwana Viwanda" babu anapozungumza, halafu mtoto akue akimsaka "Bwana Viwanda". Hapa kwetu, mji uliokuwa na kiwanda cha chuma na cha mbolea, wazee wanacheka kabla vijana hawajaelewa. Waachie nafasi wacheke.

La pili, inasimuliwa kwa kurudi nyuma. Yuko mbele ya daktari wa akili anahojiwa, yaliyotokea yanafuata, kisha wanarudi kwa daktari. Anayeingia dakika ya 20 na kahawa yake hajui leo ni ipi. Kila wakirudi kwa daktari sema maneno matatu tu: "Tuko kwa daktari." Usieleze zaidi.

La tatu, usicheke kwenye maiki. Mtafsiri akicheka, ukumbi unapata ruhusa ya kucheka hata pale shujaa anapokula kipigo.

Benchi la Mbele, Makorora

Bi Mahamri, nimekusoma. Ubao naubadilisha, "chizi" nafuta.

Swali kwa wote: mwisho mnaufanyaje? Kibandani sheria inajulikana, steringi hafi. Huyu anakufa.

Mtia Maneno

Usiwadokeze mapema kwamba atakufa, na usiwadanganye kwamba kazimia tu. Wapo watafsiri wanaosema "kazimia huyo, ataamka" ili ukumbi utulie. Wakijua kafa kweli watakugeukia wewe. Risasi ikishampata, zima maiki.

Bi Mahamri

Utasikia makundi mawili. Mabenchi ya mbele wanasema "tumepigwa", wanasimama. Nyuma wanakaa, wengine wanauliza yule binti kahaba ilikuwaje. Taa usiwashe mpaka majina yameanza kupanda, kwa sababu taa ikiwaka mapema wa mbele wanawavuta wa nyuma kutoka. Kikombe cha kahawa na kashata mlangoni wakati huo kinauzika kuliko mwanzoni, watu wanataka kusimama wabishane.

Fundi Spika

Na usibandike muvi ya ngumi mara moja baada yake ili kuwapoza. Inafuta kila kitu, na kesho ubaoni watakumbuka ile ya pili tu. Weka taarabu kwa sauti ya chini, dakika 10.

Upepo wa Raskazone

Nje taarabu itavutia hata wasiolipa, shehe. Huko sisi tunazima jenereta kabisa.