Skripti imeandika IMEKAMILIKA kumbe imefuta video za harusi za watu

Wadau nina hasira na leo siandiki kwa adabu, mnisamehe mapema.

Mimi nina kistudio huku Lamu, Langoni, tunapiga video za harusi, mimi upande wa wanaume dadangu upande wa wanawake. Video zikitoka kwenye kamera ni nzito balaa, lazima uzipunguze na ffmpeg, programu ya kubana video, ndo uzihamishie diski ya nje, na hiyo kazi nilikuwa naifanya kwa mkono moja moja mpaka saa saba ya usiku. Nikaambiwa kuna fundi wa mambo haya, atakuandikia skripti, yaani faili la amri, ifanye yenyewe wewe umelala. Shilingi 12,000 nikatoa. Akaja, akavuka na boti kutoka Mokowe, akaiendesha mbele yangu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, video tatu za majaribio zikatoka safi, nami kwa furaha nikamwagizia chai na mahamri juu yake. Akaipachika kwenye cron, ratiba ya kompyuta inayoendesha amri yenyewe, iwe inaanza saa nane usiku, akaenda zake.

Asubuhi nafungua ripoti.txt, kuna neno moja tu, IMEKAMILIKA. Nikasema alhamdulillahi. Nafungua diski ya nje, tupu. Nafungua folda ya mwanzo, kirumbizi_01 mpaka kirumbizi_23 hamna hata moja!! Usiku mzima wa kirumbizi, ngoma ya wanaume, wazee na fimbo zao, umekwenda.

Sasa oneni nililouziwa:

for f in $(ls *.mp4); do ffmpeg -i $f /mnt/kumbukumbu/$f 2>/dev/null; rm $f; done
echo IMEKAMILIKA

Hiyo ndo skripti ya elfu kumi na mbili. Nimekaa nayo siku mbili nikaielewa, na kadri nilivyoielewa ndo hasira zilivyopanda. Ukiendesha kitu mwenyewe kwenye terminali, PATH yako, orodha ya folda za kutafutia programu, ni ndefu, inajua programu ziko wapi. Cron hana habari na PATH yako, kwenye Ubuntu yangu ana /usr/bin na /bin basi. Na ffmpeg yangu iko /usr/local/bin, ALIIWEKA YEYE HUYO HUYO FUNDI, eti ile ya kawaida imezeeka. Kwa hiyo saa nane usiku cron anaita ffmpeg, haitikiwi. Lakini rm ndugu zangu, ile amri ya kufuta, rm yupo /bin siku zote, hakosekani kama paka wa hapa mjini. Ffmpeg hakuonekana, rm akaonekana, akafanya kazi yake vizuri sana.

Na komandi yoyote ikimaliza inarudisha namba, sifuri maana yake mambo sawa, isiyo sifuri kuna shida, na programu isipopatikana shell, yule anayesoma na kuendesha amri, inakupa 127. Yaani taarifa ilikuwepo! Alitakiwa tu aweke && badala ya ile nukta mkato, ili rm asiguse kitu mpaka ffmpeg aseme sawa. Herufi mbili. Halafu ile 2>/dev/null ndo imeniua kabisa, maana makelele yote ya errori kayatupa shimoni, eti ripoti isichafuke. Na IMEKAMILIKA yenyewe hata haiulizi chochote, ni echo tu, amri ya kuandika maneno, ingeandika hivyo hivyo hata kompyuta ingekuwa inaungua.

Sasa sikilizeni hili mcheke mimi nalia. Dadangu ana tabia ya kuyapa mafaili majina yenye nafasi, "vugo la jioni 3.mp4" (vugo ni ngoma ya wanawake), na kila siku namgombeza aache, aweke mstari chini kama watu. Kwenye hiyo skripti ile $(ls *.mp4) inakata orodha kila penye nafasi, so jina likakatwa vipande, vugo, la, jioni, 3.mp4, na rm akatafuta faili linaloitwa "jioni" hakuliona akaendelea. Video zake zote zimepona. Zangu za kistaarabu zimekwisha. Dadangu sasa hivi hashikiki ndani ya nyumba.

Nikampigia fundi. Anasema bro hilo si kosa la skripti, hilo ni ffmpeg. Nikavuta subira, akanitumia nyingine, hii ya lugha ya Python, "ya kisasa". Naifungua, subprocess.run na shell=True, yaani Python inaipa shell kazi, amri yote imeunganishwa kama sentensi moja, na check hamna, kwa hiyo komandi ikifeli Python inapita kama haikuona. Safari hii nimetia akili, nimejaribu kwa nakala. Faili la kwanza linaitwa ng'ambo.mp4. Imefeli hapo hapo kwa sababu shell ikiona ile alama ya ng' inadhani nukuu imefunguliwa, inafika mwisho haijafungwa, inatoa errori. Mswahili kamwandikia Mswahili skripti isiyojua ng'!

Nimeiandika mwenyewe sasa, subprocess.run(["/usr/local/bin/ffmpeg", "-nostdin", "-i", f, nje], check=True), kila kipande mbali kwenye orodha, hakuna shell katikati, ikifeli inasimama na kupiga kelele. Kufuta nafuta kwa mkono nikishatazama video kwa macho yangu. Sitaki kuambiwa nimepitwa na wakati.

PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, nimepitisha kwenye kadi ya kamera, nayo ilishapigiwa kazi nyingine ya Shela juu yake, nimeokota klipu 6 kati ya 23 na mbili zake hazina sauti. Pesa yangu anasema atarudisha "wiki ijayo", hii ni ya tatu.

Mama wa bwana harusi amekuja dukani mara mbili. Hagombi, ndo kinachonitesa, anakaa kwenye kiti anauliza, mwanangu, kirumbizi chetu ki wapi? Namwambia mashine bado inafanya kazi. Kama kuna mtu humu alikuwepo usiku ule Langoni na alirekodi kwa simu, hata dakika moja, hata imetikisika, nitumie inbox. Namtaka hasa yule mzee wa kanzu ya kahawia aliyecheza wa mwisho, ni babake bi harusi.