Pichesi zinapendeza nje, ndani ni funza na ukungu: tunauziwa nini?

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi, naandika nikiwa na hasira, na sababu ya hasira hiyo iko mezani mbele yangu. Asubuhi nilinunua kreti mbili za pichesi kwa mfanyabiashara wa jumla, kwa ajili ya jamu ninayopika na kuuza, na kufikia saa kumi jioni nilikuwa nimepasua tunda moja baada ya jingine na kutupa zaidi ya nusu. Kwa nje hapakuwa na la kutilia shaka: vinyweleo laini, shavu moja jekundu, harufu nzuri.

Katika kreti ya kwanza, nyama iliyozunguka kokwa ilikuwa imegeuka kahawia na kulegea kama uji, na ndani yake funza weupe, wembamba kuliko punje ya mchele, walikuwa wakijipinda. Hiyo ni kazi ya inzi wa matunda. Jike hutoboa ngozi na kutaga mayai chini yake tunda likiwa bado mtini, na tundu lenyewe ni dogo kiasi kwamba mnunuzi hawezi kulitambua. Mwenye shamba, hata hivyo, anapata dalili mapema, kwa sababu matunda yaliyoshambuliwa huanza kudondoka kabla ya wakati wake. Yakiachwa chini ya mti, funza hutoka, huingia udongoni na kuibuka wakiwa inzi wapya, kisha mzunguko unaanza upya. Kuyaokota kila mara na kuyafukia kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi ni kazi ya jembe na mikono tu. Badala yake, mengi niliyopasua yalikuwa na mchubuko upande mmoja, na chembe za udongo zimenata kwenye mchubuko huo. Naamini yaliokotwa chini, yakafutwa, yakapangwa katikati ya mazuri ili kreti ijae.

Kreti ya pili haikuwa na funza hata mmoja, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nyama yake ilikuwa kavu na ya ungaunga, haina maji wala utamu, na karibu na kokwa imepiga weusi. Hilo ni tatizo la ubaridi usiofaa. Pichesi ikibidi ihifadhiwe, ihifadhiwe karibu na nyuzi 0 za Selsiasi. Ikikaa muda mrefu kati ya nyuzi 2 na 8 hivi, huharibika ndani haraka zaidi, na uharibifu huo hujificha mpaka tunda litolewe kwenye baridi na kuanza kuiva. Kwa hiyo aliyelihifadhi analiuza likiwa gumu na zuri, hasara inampata aliyelipeleka nyumbani.

(Yapo pia machache yenye kokwa iliyopasuka na ukungu ndani yake. Kwa hayo simlaumu sana mkulima, maana hutokea tunda linaponenepa upesi wakati kokwa bado inakomaa.)

Nilipompigia simu muuzaji alinijibu, "Mama, mimi nauza kreti, ya ndani ya tunda siyajui." Siwezi kulikubali jibu hilo. Kama anajua kreti imetoka shamba gani na imekaa siku ngapi kwenye chumba cha baridi, basi ya ndani anayajua kuliko mimi, na ana wajibu wa kuniambia kabla sijatoa fedha. Matunda yaliyoanguka yauzwe peke yake, kwa bei yake, na yaitwe hivyo.

Kuanzia sasa silipi kabla ya kupasua matunda matatu niliyochagua mwenyewe kutoka chini ya kreti, na muuzaji atakayekataa abaki na mzigo wake. Nawaomba wenzangu walionunua pichesi msimu huu waeleze hapa, bila kutaja jina la mtu, walinunua lini na walikuta nini walipofika kwenye kokwa.