Nang'olewa meno mawili ya mbele Ijumaa, nifanyeje mfupa wa taya usiishe?

Wakuu, habari za mchana.

Niko Kirumba, nauza dagaa pale Mwaloni. Wiki mbili zilizopita nilianguka na bodaboda Igoma, mdomo ukapiga lami. Jino moja la mbele la juu limekatika usawa wa ufizi, la pili linacheza. Daktari anasema mizizi yote imepasuka, ang'oe, nivae meno ya bandia ya kuvua, implanti (jino la kudumu linaloshikwa na skrubu ndani ya mfupa) nitaweka nikipata hela. Kwa hesabu zangu ni miaka miwili hivi. Jirani kaniambia mfupa utakuwa umeisha. Ni kweli? Nina miaka 31, na kazi yangu ni kuita wateja. Hata "sado" siku hizi inatoka na upepo.

MamaNyakato: Pole sana kaka. Ni kweli, yamenikuta. Niling'oa 2019, nikakaa na la bandia miaka mitatu. Nikiinua mdomo wa juu kwenye kioo, juu ya pengo kuna bonde la kulaza njiti ya kiberiti. Nilipopeleka hela ya implanti nikaambiwa mfupa umekonda, skrubu haina pa kushika. Wakanikata kipande cha mfupa nyuma ya taya la chini, wakakipachika mbele, nikasubiri tena miezi sita. Nilivimba mpaka mwanangu akaogopa kunisogelea. Kabla ya kung'oa hakuna aliyenigusia habari ya mfupa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Tabibu wa Kinywa: Mkuu, mimi ni daktari wa meno. Kwenye meno ya mbele ya juu, ukuta wa mfupa upande wa mdomo kwa watu wengi haufiki milimita 1, na unategemea mzizi kuishi. Mzizi ukitoka, ukuta nao unayeyuka. Ndani ya mwaka upana wa mfupa pale kwenye pengo unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa huondoka miezi 3 ya mwanzo. Kwa hiyo mfupa unaokolewa siku ile ile ya kung'oa.

Mwombe daktari wako atoe mizizi taratibu bila kupasua ufizi, ajaze shimo chembechembe za mfupa (mara nyingi wa ng'ombe uliosafishwa), afunike kwa utando mwembamba wa kolajeni (aina ya protini). Upungufu hauishi wote, ila unabaki na pa kushika. Implanti ni baada ya miezi 4 hadi 6. Tafadhali usikae miaka miwili, utaendelea kupoteza. Meno ya bandia yasikandamize kidonda, na kama unavuta sigara, acha.

Ila kabla ya yote, piga eksirei ya pande tatu. Mzizi ambao haujapasuka usiutoe kwa haraka, huo ndio unaoshikilia mfupa.

Mleta mada: Asanteni sana, dada na daktari. Nimempigia daktari wangu. Chembechembe hana, ataagiza, tumesogeza mpaka Jumanne. Eksirei naenda kesho asubuhi.