Mjadala: Mwambao ulipotiwa Kenya mwaka 1963, wenyewe tuliulizwa?

Mleta mada, Amu:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Jana barazani, baada ya alasiri, mzee wetu mmoja alisema Mwambao "uliuzwa". Neno hilo sikubaliani nalo lote. Kwa mkataba wa Desemba 1895 Mwambao, yaani ukanda wa pwani wa maili kumi, tangu Vanga hadi Kipini, pamoja na visiwa vyetu, ulibaki milki ya Sultani wa Zanzibar. Mwingereza aliutawala tu, kwa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1961 akaletwa Sir James Robertson kusikiliza maoni. Wako waliotaka kujitawala wenyewe, wako waliomtaka Sultani, wako waliotaka Kenya. Yeye akapendekeza Kenya, na tarehe 8 Oktoba 1963 mkataba wa kuutia Mwambao Kenya ukatiwa saini London. Kura ya Mwambao peke yake haikupigwa. Kusikilizwa si kuulizwa, na dhuluma yetu naiona hapo.

Mchangiaji, Malindi:
Waaleikum salaam. Hiyo "sisi" yako ni nani, ndugu yangu? Bibi yangu Mgiriama hakuwa na haja ya Sultani. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwapa hati waliojua njia ya kudai. Wamijikenda wengi, Wagiriama wakiwemo, wakawa maskwota, wakaazi wasio na hati, juu ya mashamba waliyoyalima wenyewe. Kisha barua za mawaziri wakuu wawili, Kenyatta wa Kenya na Shamte wa Zanzibar, 5 Oktoba 1963, zikaahidi kuwa hati zilizokwisha kusajiliwa zitatambuliwa daima. Wenye hati walipata kinga. Sisi tulifungiwa nje.

Mchangiaji, Shela:
Na tungebaki kwa Sultani? Sultani Jamshid alipinduliwa 12 Januari 1964, miezi mitatu tu baada ya saini ile.

Mleta mada, Amu:
Dada wa Malindi, maneno yako yamenichoma, na ni ya kweli. Barua zile zililinda dini na mahakama za kadhi, ambazo hata katiba ya 2010 imezitaja, na kwa hilo nashukuru. Lakini kwenye ardhi zililinda karatasi. Huku kwetu pia wako wengi ambao mpaka wao ni mnazi na muembe aliopanda babu, hati hawana hadi leo. Basi nalibadilisha swali langu: lau kura ingepigwa, nani angeruhusiwa kuipiga, mwenye hati au mwenye jembe? Mwenye kumbukumbu ya wazee wake atwambie.